Tour de France: Pogačar mbele, lakini juma ya tatu njo itakata maneno

Siku ya posho hii, tarehe 29 ya mwezi wa sita, wakimbiaji 176 watapanda kinga pa Florence, mu inchi ya Italia, juu ya kuanza Tour de France ya 2024. Ni mara ya 111 mbio hii inafanyika. Ekipe ziko 22, kila moja na watu 8. Watafanya etape 21, kilometa 3.498 kwa jumla, na watamaliza pa Nice tarehe 21 ya mwezi wa saba. Paris, kwenye mbio inaishiaka kila mwaka, hii mara hawatafika, juu mji unajitengeneza kwa Michezo ya Olimpiki yenye itaanza tarehe 26.

Mu basi ya wafanyakazi na mu kantini, ulizo ni moja: nani ataibeba? Wengine wanatuuliza juu wanapenda kinga, wengine juu wanataka kuweka franga. Siye wa sendika hatuko wanganga wala makocha. Lakini mwaka huu Tour imeangukia ku mambo yenye siye watu wa mine tunajua vizuri: mufupa wenye umevunjika, mutu mwenye anarudi ku kazi mapema, na mutu mwenye anafanya posti mbili mufululizo. Hapo njo tutaangalia, na ku mwisho tutatoa mulongo wetu wa majina.

Wakubwa wane na kona moja

Majina yenye kila mutu anataja ni ine. Tadej Pogačar, wa Slovenia, wa ekipe ya UAE. Jonas Vingegaard, wa Denmark, wa ekipe ya Visma. Remco Evenepoel, wa Ubelgiji, wa Soudal Quick-Step. Na Primož Roglič, naye wa Slovenia, mwenye alitoka Visma na kuingia Bora, ekipe yenye sasa inabeba pia jina la Red Bull. Pogačar alibeba Tour ya 2020 na ya 2021. Vingegaard akabeba ya 2022 na ya 2023. Miaka ine sasa, shati ya manjano ya mwisho iko paka mu mikono ya wale wawili.

Tarehe 4 ya mwezi wa ine, mu mbio ya Itzulia, mu jimbo la Basque ku Hispania, watatu kati ya wale wane walianguka pamoja mu kona moja ya mutelemuko. Vingegaard alivunjika mutulinga na mbavu, na pafu lake likaumia. Evenepoel alivunjika mutulinga na mufupa wa bega. Roglič alitoka na vidonda vya ngozi, bila kuvunjika. Mu aksida ile ile, Mwaustralia Jay Vine, wa ekipe ya UAE, alivunjika mifupa ya mugongo.

Pogačar hakukuwa mu ile mbio. Kwa hiyo mbele hata ya kuanza, hesabu ya Tour hii haiko sawasawa: mumoja anakuja na mwili muzima lakini wenye umetumika sana, wawili wanakuja na mifupa yenye iliunganika juzi, na mumoja anakuja katikati.

Vingegaard: mufupa umepona, mwili je?

Watu wengi wa mine wanamupenda Vingegaard, na sababu tunaijua. Mbele ya kuwa mukubwa wa kinga alikuwa anatumika mu kazi ya samaki pa Hanstholm, bandari ya Denmark. Asubuhi samaki, kisha mazoezi. Ni mutu wa kazi kama siye. Lakini tupime hali yake bila kupendelea.

Alilala ku hospitali siku 12. Tangu ile tarehe 4 ya mwezi wa ine hajafanya hata mbio moja. Ataingia pa Florence nyuma ya siku 86 bila mashindano. Mazoezi ya milima amefanya, na ekipe yake imemutia mu mulongo. Mutu anaweza kutuambia: mutulinga unapona mu majuma sita, sasa shida iko wapi?

Shida tuliiona mwaka uliopita, na mwenye alituonyesha ni Pogačar mwenyewe. Mu mwezi wa ine wa 2023 alianguka mu mbio ya Liège-Bastogne-Liège na kuvunjika mifupa ya kifundo cha mukono. Alirudi mbio mu mwezi wa sita tu, kisha akaingia Tour. Majuma mawili ya kwanza hakuna mutu alimuona na shida. Alishinda etape ya Cauterets, na nyuma ya etape 15 alikuwa sekunde 10 tu nyuma ya Vingegaard. Kisha juma ya tatu ikafika. Mu etape ya saa, kila mutu peke yake, alipoteza dakika 1 na sekunde 38. Kesho yake, ku mulima wa Col de la Loze, miguu ikakataa, akapoteza zaidi ya dakika 5. Ku mwisho wa Tour alikuwa nyuma dakika 7 na sekunde 29.

Hapa njo kuna somo. Mutu mwenye alipoteza miezi mbili ya mazoezi anaweza kufanya siku moja ya nguvu, hata siku kumi. Chenye kinamukosekana ni akiba. Siku ya kwanza akiba haionekani. Inaonekana siku ya 16, siku ya 17, wakati wengine bado wana kitu mu mufuko na yeye amekula byote. Mu mine tunaijua hii hesabu: mutu anarudi nyuma ya aksida, juma ya kwanza anatumika vizuri, shefu anafurahi, na ku mwisho wa mwezi mugongo unamulaza tena.

Mwaka jana Pogačar alivunjika mukono, mapafu yalikuwa mazima. Mwaka huu Vingegaard aliumia pafu, na mu milima mirefu pafu njo injini. Kwa hiyo tunasema: Vingegaard anaweza kupigana na Pogačar siku mingi. Lakini majuma matatu yote mu kiwango cha mwaka jana, hapo tunatia shaka.

Pogačar: posti mbili

Watu wanasema Pogačar ameshashinda. Tusikimbie. Mu mwezi wa tano alifanya Giro ya Italia, tarehe 4 mpaka tarehe 26. Alishinda etape sita, na mutu wa pili, Daniel Martínez wa Kolombia, alimuacha nyuma dakika 9 na sekunde 56. Kati ya mwisho wa Giro na mwanzo wa Tour kuna siku 34 tu. Hii njo yenye siye tunaita posti mbili.

Historia haimusaidii. Kushinda Giro na Tour mu mwaka moja, mbele ya 2024 watu saba tu waliweza: Coppi, Anquetil, Merckx, Hinault, Roche, Indurain na Pantani. Pantani alifanya mu 1998, na tangu pale mpaka mwanzo wa Tour ya 2024 hakukuwa mwingine. Alberto Contador alijaribu mu 2015: alibeba Giro, mu Tour akawa wa tano. Chris Froome, mwenye alizaliwa pa Nairobi na kubeba Tour mara ine, alijaribu mu 2018: alibeba Giro, mu Tour akawa wa tatu. Wote wawili walikuwa na nguvu. Chenye kiliwakosekana ni ile akiba tulisema.

Sasa juu ya nini bado tunamuweka Pogačar mbele? Sababu ni mbili.

Ya kwanza: hakukimbia ovyo. Mbele ya Giro alifanya siku 10 tu za mbio mu mwaka muzima: Strade Bianche, Milano-Sanremo, siku saba za Catalunya, na Liège. Mu ile siku kidogo alishinda mingi, lakini hakuchosha mwili mu mashindano ya bure. Posti mbili zenye zilipangwa tangu mwaka jana, na repo katikati, si kitu kimoja na posti mbili zenye shefu anakutupia mangaribi juu mwenzako hakukuja. Kila mutu mwenye ametumika usiku na mchana anajua tofauti.

Ya pili: mu Giro hakuna mutu alimusukuma mpaka mwisho wa nguvu. Na dakika karibu 10 mbele, mutu anaweza kuchagua siku ya kupiga na siku ya kutulia. Contador mu 2015 hakukuwa na ile bahati, alipigana mpaka karibu na mwisho.

Evenepoel na Roglič

Evenepoel ana miaka 24 na hii ni Tour yake ya kwanza. Yeye njo bingwa wa dunia wa mbio ya saa, na Tour hii ina etape mbili za saa: moja ya kilometa 25,3 tarehe 5 ya mwezi wa saba mu mashamba ya mizabibu ya Bourgogne, na moja ya kilometa 33,7 siku ya mwisho. Pale atapata sekunde. Pa mwanzo wa mwezi huu, mu mbio ya Dauphiné, alishinda etape ya saa, lakini mu milima alirudi nyuma na kumaliza wa saba. Tena mu Vuelta ya 2023, siku ya mulima wa Tourmalet, alipoteza karibu dakika 27. Ni mutu mwenye alibeba Vuelta ya 2022, kwa hiyo nguvu anayo. Lakini siku moja mubaya inaweza kumuondoa kabisa mu hesabu.

Roglič ana miaka 34. Mbele ya kinga alikuwa anaruka na ski. Mpaka mwanzo wa Tour hii amebeba Vuelta mara tatu na Giro mara moja. Tour imemukataa. Mu 2020 alikuwa na shati ya manjano mpaka siku moja mbele ya mwisho, kisha Pogačar akaichukua mu etape ya saa. Mu 2021 na 2022 alianguka na kurudi nyumbani. Mwaka huu alibeba Dauphiné, sekunde 8 tu mbele ya Matteo Jorgenson, na mu ile mbio pia alianguka. Mwili wake uko karibu sana na muzima kuliko wa Vingegaard na wa Evenepoel. Adui yake ni lami.

Nani atakula upepo?

Mutu mwenye hajafuata kinga anawaza kama mushindi anashinda peke yake. Sivyo. Mwenye anakimbia mbele anapasua upepo, na wenye wako nyuma yake wanachunga nguvu. Kila shefu ana watu saba wa kumupasulia upepo, kumuletea maji, kumupa gurudumu wakati yake inatoboka. Ku mulima wanapiga mwendo mpaka wageni wanaachia mumoja mumoja. Mu 2022, ku Galibier na ku Col du Granon, Vingegaard hakumuvunja Pogačar peke yake. Roglič, wakati ule wa ekipe moja naye, alipiga, akatulia, Vingegaard akapiga, na Pogačar alikuwa anajibu wote wawili bila mwenzake karibu. Ile mangaribi alipoteza karibu dakika 3.

Sasa angalia ekipe za mwaka huu. UAE ina Adam Yates na João Almeida, wenye wamemaliza wa kwanza na wa pili mu Tour ya Uswisi juzi. Wana tena Juan Ayuso na Pavel Sivakov. Visma ni ekipe ya wagonjwa. Sepp Kuss, mwenye alibeba Vuelta ya 2023, amebaki nyumbani juu ya Covid. Steven Kruijswijk na Dylan van Baarle walianguka mu Dauphiné. Wout van Aert alivunjika mutulinga na mbavu mu mwezi wa tatu na bado anajitafuta. Jorgenson yuko fiti, lakini ni mutu mumoja. Mu 2022 Pogačar njo alikuwa peke yake. Mwaka huu Vingegaard anaweza kujikuta peke yake.

Na jambo moja la sendika: mwenye kubeba Tour anapata euro 500.000. Kwa desturi ya wakimbiaji, ile franga haibaki mu mufuko wake peke. Wanagawa na wenzake wa ekipe, na wale wa kutengeneza kinga na kukanda miguu. Mwenye alikula upepo anapata haki ya upepo wake. Desturi kama ile tungefurahi kuiona siku ya bonus mu mine.

Siku za kuangalia

Mu miezi hii saa ya Ufaransa na saa ya Lubumbashi na Kolwezi ni moja. Etape mingi zinaisha karibu na saa kumi na moja ya mangaribi, kwa hiyo watu wa posti ya asubuhi wanaweza kuona mwisho. Kama hamuwezi kufuata zote, mushike hizi.

Tarehe 2 ya mwezi wa saba: Galibier, metre 2.642. Ni siku ya ine tu, mapema sana. Kolwezi iko ku metre kama 1.400, wale watakuwa karibu mara mbili ya pale, mu hewa kidogo. Pogačar atataka kumupima Vingegaard mbele miguu yake haijazoea mbio. Vingegaard akipoteza dakika moja pale, ni vigumu kurudi. Akibaki na Pogačar mpaka juu, basi Tour bado iko wazi, juu Vingegaard anapendaka juma ya tatu.

Tarehe 7: etape ya Troyes, na vipande 14 vya barabara nyeupe ya vumbi na mawe, kilometa 32. Barabara kama zetu za mu sité. Pale Tour haishindwi, lakini inaweza kupotea kwa gurudumu moja.

Tarehe 13 na 14: milima ya Pyrénées, Pla d'Adet na Plateau de Beille. Hapa mutaanza kuona nani ana akiba.

Tarehe 19: mulima wa Bonette, metre 2.802, na mwisho pa Isola 2000. Kesho yake Col de la Couillole. Na tarehe 21, pahali pa matembezi ya Paris, etape ya saa toka Monaco mpaka Nice. Tangu 1989 Tour haijaisha na etape ya saa. Mwaka ule Greg LeMond alimupita Laurent Fignon kwa sekunde 8 siku ya mwisho. Kwa hiyo hata mwenye ana dakika moja hatalala usingizi.

Musisahau pia Biniam Girmay wa Eritrea. Hayuko mu hesabu ya shati ya manjano, yeye ni mutu wa mbio ya mwisho ku barabara sawasawa. Mu 2022 alishinda etape ya Giro. Mu Tour, mpaka mwanzo wa hii ya 2024, hakukuwa Mwafrika mweusi mwenye alishinda etape. Tunamungoja.

Nani anasema kama mutu yuko tayari?

Mu haya yote kuna ulizo moja lenye halihusu kinga tu. Munganga mwenye anasema kama mukimbiaji amepona analipwa na ekipe yenye inamuhitaji. Mukimbiaji mwenyewe pia anataka kukimbia, juu kontra yake na jina lake viko pale. Wakimbiaji wana sendika yao, CPA, yenye inaongozwa na Adam Hansen, mwenye alikuwa mukimbiaji. Wanapigana juu ya barabara zenye hatari, juu ya joto na barafu, zaidi tangu Gino Mäder kufa mu mwezi wa sita wa 2023 nyuma ya kuanguka mu Tour ya Uswisi.

Mu mine mingi ni vile vile: munganga wa sosiete njo anatia sahihi ku karatasi ya kurudi chini. Tunawaambia wenzetu wenye wako na vidonda: mukimbiaji akichoka mu juma ya tatu, anapoteza dakika tano na kamera zote zinamuangalia. Wewe ukichoka chini ya udongo, mashine haingoji. Mbele ya kutia sahihi, ita delege wako, na uombe munganga mwingine akuangalie.

Mulongo wetu

Wa kwanza: Pogačar. Mwili muzima, ekipe ya nguvu, kazi yenye ilipangwa. Akianguka, itakuwa mu juma ya tatu, na itakuwa juu ya Giro.

Wa pili: Vingegaard. Tunamuweka pale juu hakuna mwingine ameonyesha kama anaweza kumufuata Pogačar ku milima mirefu. Lakini asipomaliza, hatutashangaa.

Wa tatu: Roglič, akibaki juu ya kinga.

Wa ine ao wa tano: Evenepoel, pamoja na Carlos Rodríguez wa Hispania, mwenye alikuwa wa tano mwaka jana na ameshinda Tour ya Romandie mwaka huu. Almeida na Yates wana miguu ya kuwa pale, lakini wanakuja kumutumikia shefu yao.

Kwa wale wa pari: tumewapa sababu, hatukuwapa hakikisho. Mu siku moja ya mwezi wa ine, kona moja iliharibu hesabu za watu wote wa Bulaya wenye wanajua kinga. Mutu akitaka kuweka franga ya bia, ni yake. Franga ya minerval ya watoto na ya unga isiingie mule hata kidogo.

Nyuma ya Galibier tutarudi hapa kuangalia kama mulongo unasimama.